Sifuri Nilizoziandika Mwenyewe

Machi 3

Mvua ya kwanza ya msimu. Milimita 4.2.

Nimesoma saa tatu kamili asubuhi, kama nilivyosoma kwa miaka thelathini na minne nilipokuwa mpimaji wa hali ya hewa, na kama ninavyosoma hapa nyumbani tangu nistaafu. Kipimamvua changu kimesimama katikati ya ua, mbali na kuta: faneli ya shaba, chupa ndani yake, na silinda ya kioo yenye mistari ambayo naishika usawa wa jicho. Kutoka mlangoni ni hatua ishirini na sita. Mwaka jana zilikuwa ishirini na mbili. Ua haujarefuka.

Nafungua daftari jipya kwa sababu nina jambo la kuungama, na sina hakika kama msimu huu nitaumaliza. Nina miaka sabini na tisa. Miaka minane iliyopita nilitolewa tezi dume kwa sababu ya saratani. Mwanangu wa kiume hajui. Nilimwambia nimepasuliwa ngiri. Binti yangu anajua, maana ndiye aliyeniuguza pamoja na marehemu mama yake, lakini naye kuna asilolijua. Kwa miaka mitatu sijapima damu. Namba anazoziona kwenye kijitabu changu cha kliniki nimeziandika mimi.

Basi nimelisema. Hata chai sijanywa.

Machi 4

0.0. Mgongo.

Machi 6

11.8. Mgongo, chini, upande wa kushoto. Nimejiambia ni godoro.

Machi 8

2.5.

Binti yangu ni fundi cherehani, anafanyia kazi barazani. Leo, huku mguu wake ukikanyaga mashine, ameuliza, "Baba, kliniki si mwezi huu?"

"Mwezi huu."

"Nikusindikize?"

"Unisindikize wapi na gauni la bibi harusi halina mikono? Nitakwenda mwenyewe, njia naijua."

Amecheka. Mimi nimeingia ndani nikakaa kitandani kama mwizi aliyejificha.

Nieleze vizuri, ili atakayesoma asidhani nilichanganyikiwa. Daktari aliyenipasua, ambaye sasa amestaafu, alinifafanulia hivi: "Mzee, tumeng'oa kiwanda. Kitu kilichokuwa kikitengenezwa na ile tezi hakitakiwi kuonekana tena kwenye damu yako. Kikionekana, ujue kuna mahali kinatengenezwa kwa siri." Kwa hiyo nilipaswa kupima, kwanza kila miezi mitatu, kisha kila miezi sita. Miaka mitano majibu yalikuwa mazuri. Halafu likaja jibu la 0.3, na agizo la kurudia baada ya wiki sita.

Sikurudi. Ukurasa ule niliuchana. Tangu hapo, kila siku ya kliniki inapofika, navaa koti langu, nakwenda maktaba ya mtaa, nakaa chumba cha magazeti kwa muda wa saa mbili na nusu, kisha natoa kalamu naandika 0.0. Narudi nyumbani, binti yangu anasoma, anasema "Mungu mkubwa," anarudi kwenye cherehani.

Mara sita nimefanya hivyo. Kazini tulikuwa na jina la mchezo huu: kusoma dirishani. Mpimaji mvivu anatazama nje, anaona mvua, anakisia, anaandika. Sheria ilikuwa nyepesi hata kwa mtoto: siku ambayo hukusoma, acha nafasi wazi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wapya sheria hiyo.

Machi 10, Jumapili

0.0. Mawingu tu.

Mwanangu amekuja kula nasi mchana. Ana miaka hamsini na mmoja, ni fundi wa lifti kwenye yale majengo marefu ya mjini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Lifti zinapanda?"

"Lifti hazina neno. Wanaozipanda ndio wabovu."

Tumekula. Mara amekwenda uani, akarudi. Hata kabla ya matunda amekwenda tena. Baada ya chai, tena. Dada yake hakumwacha: "Kaka, umemeza bomba? Hii ya tatu."

"Chai yako nyepesi, dada. Inapita tu kama abiria."

Wamecheka wote wawili. Mimi nimehesabu. Mara tatu kwa saa mbili, na mara ya mwisho amekaa huko muda mrefu.

Baba yangu alikufa amelala chali, hawezi kugeuka. Tulisema ni mgongo. Kaka yangu naye akafa hivyohivyo, tukasema ni mgongo wa ukoo. Nilipokwisha kupasuliwa ndipo nilipoanza kuelewa ulikuwa mgongo gani.

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasema, "Nisogezee chumvi."

Kwa nini nilimficha? Mwezi mmoja kabla ya upasuaji wangu, mezani palepale, alitusimulia habari ya fundi mwenzake aliyetolewa tezi. "Wamemkata, basi kwisha kazi. Sasa anavaa nepi kama mjukuu wake!" Tulicheka hadi marehemu mke wangu akajifuta machozi kwa khanga. Mimi nilicheka kuliko wote. Barua ya hospitali ilikuwa mfukoni mwa shati langu.

Machi 13

19.0. Sikulala vizuri. Kushuka kitandani kumenichukua muda wa kuchemsha birika.

Machi 15

Amepita Wingu, mwenzangu wa kazini wa zamani. Tulimwita Wingu kwa sababu ya unene wake na kwa sababu haonyi anapokuja. Amekaa, kiti kikalia.

"Bado unachungulia kikopo chako?"

"Bado."

"Ungejua mimi nikitaka mvua natoa mkono nje. Ukilowa, imenyesha. Kazi imekwisha, kalete chai."

Halafu akaniangalia nilivyokuwa nashika kiuno. Hakutania tena. Akasema polepole, "Mzee mwenzangu, unatembea kama marehemu kaka yako."

Nimeogopa tangu hapo. Si woga wa kushtuka. Ni kama kusikia maji yakidondoka mahali ndani ya nyumba bila kujua ni chumba gani.

Machi 19

7.7.

Leo sikukaa maktaba. Nilifika hadi mlangoni pake, mlinzi akaniamkia, nikampita nikaenda hospitali.

Daktari ni mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa, umri wa mjukuu. Alifungua faili lao, akafungua kijitabu changu, akaviweka ubavu kwa ubavu.

"Mzee wangu, hizi namba nani alikuandikia?"

"Maabara."

"Maabara ya hapa?"

"Ndiyo."

"Maabara yetu haiandiki sifuri nukta sifuri." Alisema kwa upole, na upole ule ulinichoma. "Mashine haijui sifuri. Inaandika 'chini ya 0.1', kwa sababu chini ya hapo haioni. Haiwezi kuapa kwamba hakuna kitu."

Niliona aibu kuliko siku niliyovuliwa nguo mbele ya wanafunzi wa udaktari. Jambo hilo nalijua mimi kuliko yeye! Mvua inapolowesha faneli bila kufika hata mstari wa kwanza, mpimaji haandiki sifuri. Anaandika "isiyopimika", maana imenyesha, ila chombo kimeshindwa kuihesabu. Nimekata alama za watu wazima kwa kosa hilo. Lakini mimi nilipokaa na kalamu yangu pale maktaba, niliitaka sifuri yenyewe, tupu, kavu. Nikaiandika kwa tamaa.

"Nimeziandika mimi," nikasema.

Hakunigombeza. Alichukua kalamu akapiga mstari juu ya kila sifuri, zote sita, taratibu. "Haya. Tuanze na ya kweli." Akaita muuguzi anitoe damu.

Machi 20

0.0.

Machi 22

31.4. Radi. Nasubiri majibu. Kila simu ya binti yangu ikilia, nyingi ni za wateja, naacha ninachofanya nasikiliza.

Machi 26

Nilikwenda kuchukua majibu. 41.7.

Nilidhani ni mvua. Naapa, kwa nukta moja nilidhani daktari amenisomea mvua ya jana.

"Nukta iko mahali pake?" nikauliza.

"Iko mahali pake, mzee wangu. Sasa tutafute ni wapi."

Aprili 3

Picha ya mifupa. Wamenichoma dawa mkononi, wakanipa chupa ya maji na kuniambia ninywe yote, nitembee, nirudi baada ya muda wa saa tatu. Dawa inakwenda kukaa pale mfupa unapohangaika, na mashine inaiona. Nimekaa kwenye benchi la ukutani na watu watano, kila mmoja na chupa yake. Hakuna aliyemuuliza mwenzake habari. Mama mmoja alikuwa anasuka kikapu, anafumua, anasuka upya palepale.

Kwa mtu aliyepasuliwa kama mimi, maji mengi ni vita. Tangu siku ile mkojo wangu hauna mlango wa kuaminika. Binti yangu hunishonea vitambaa vya kuvaa ndani, vya pamba laini, tabaka nne. Mgeni akimkuta anavishona husema ni oda ya hospitali ya watoto. Leo nilikuwa nimevaa viwili. Kulala chini ya ile mashine, bamba zito limesimama kiganja kimoja juu ya uso wangu, naambiwa nisitikisike dakika arobaini, nikisikia uvuguvugu unasambaa pajani: hicho ndicho nilichokuwa nacho badala ya sala.

Mpigapicha alinisaidia kuinuka. Uso wake ulikuwa na adabu mno. Nikajua.

Aprili 8

14.6.

Daktari alinigeuzia kioo cha kompyuta. Nilikuwa mifupa mitupu, rangi ya kijivu, na mahali pengine peusi kama wino uliodondoka: pingili mbili za uti wa mgongo, nyonga ya kushoto, ubavu mmoja. Amesema haya hayaondolewi tena, ila yanaweza kucheleweshwa. Nimechomwa sindano ya kuzima homoni inayoyalisha.

"Miguu ikilegea au ikifa ganzi, usisubiri kesho. Uje siku hiyohiyo. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Una mtoto wa kiume?"

Swali hilo nilikuwa nimelikimbia miaka minane, likanikuta kitini.

"Mmoja. Hamsini na mmoja."

"Ameshapima?"

"Hajui kama mimi naumwa."

"Baba yako alikufa na nini?"

"Mgongo."

"Ndugu zako wa kiume?"

"Kaka yangu. Mgongo."

Aliweka kalamu mezani. "Mwambie wiki hii. Sikusema mwezi huu, mzee wangu. Wiki hii. Pengine hana kitu. Lakini kama anacho, leo bado kinaweza kuwa kidogo."

Nilipofika nyumbani binti yangu akauliza, "Wamesemaje?" Nikasema daktari mpya, anataka nirudi tena. Kijitabu nimekificha chini ya godoro.

Aprili 9

3.3. Nitampigia simu kesho.

Aprili 10

0.0. Nilipiga. Akapokea akiwa juu ya paa la lifti, upepo unavuma. "Baba, kuna neno?" Nikasema hakuna, nilitaka kusikia sauti tu. Akasema, "Basi umeisikia, imejaa grisi."

Aprili 12

22.0. Kesho.

Aprili 13

22.5. Miguu mizito. Ni sindano, nadhani.

Aprili 18

Naandika haya wodini. Nisimulie kwa mpangilio.

Jumatatu, tarehe 15, mvua kubwa ya msimu ilinyesha tangu alfajiri. Nilipoamka, nyayo zangu zilikuwa kama za mtu mwingine. Daktari alikuwa amenionya. Nilisema nisome mvua kwanza.

Nilihesabu hatua, kwa desturi. Ya kumi na nne, goti la kulia halikuwepo. Nililituma lije, halikuja. Nikaanguka ubavu kwenye tope, nikajaribu kuinuka, na kutoka kiunoni kwenda chini hapakuwa na mtu wa kunijibu. Mvua ikanipiga usoni. Kipimamvua kilikuwa mbele yangu, hatua kumi na mbili, kinajaa. Niliita. Cherehani barazani ilikuwa inakwenda kasi, gauni la watu linasubiriwa, hakunisikia. Niliita tena kila mashine iliponyamaza, na kila mara ilikuwa inaanza kabla sijamaliza neno.

Pale chini niliona wazi jinsi nitakavyokufa, na haikuwa kufa kulikonitisha. Nilimwona mwanangu amelala chali, hawezi kugeuka, na watoto wake wamemzunguka wakisema ni mgongo wa ukoo.

Uzi ulimkatikia, nadhani, kwa sababu mashine ilinyamaza muda mrefu kidogo. "Baba! Baba jamani!"

"Soma kwanza," nikamwambia. Mungu anisamehe, hilo ndilo lililonitoka.

"Nisome nini?"

"Silinda."

"Mvua ife huko!" akapiga kelele, akinishika kwapani, analia, anateleza. Jirani mwenye karakana ya baiskeli alikuja akanibeba mgongoni kama gunia.

Hospitali wakasema pingili iliyoliwa imebonyea na kubana uti wa mgongo. Wakanipa dawa ya kushusha uvimbe, kesho yake nikaanza mionzi. Muuguzi aliomba kijitabu cha kliniki. Binti yangu akasema atakitafuta, akarudi nyumbani, akakipata chini ya godoro. Alikifungua njiani.

Alipoingia wodini hakuninyooshea kidole. Alikaa, akafungua ukurasa wenye sifuri sita zilizopigwa mistari, akauweka juu ya kifua changu, akageukia dirisha. Ningependa angenitukana.

"Nilikuwa nashukuru Mungu kila mara," akasema baadaye, bado amenipa mgongo. "Mara sita, baba. Nilikuwa nashukuru karatasi yako."

Aprili 20

Mwanangu alikuja jana, bado ana vumbi la kazi.

Nilimwambia yote, nikianzia barua iliyokuwa mfukoni siku tulipocheka. Nilimwambia habari ya baba na kaka. Nilimwambia kwamba alipozaliwa nilisoma dirishani siku mbili mfululizo kwa sababu nilikuwa naye mikononi, na kwamba hakuna aliyegundua, na hapo ndipo nilipojifunza kuwa namba ya uongo hukaa kimya sawa na ya kweli. Nilimwambia apime.

Alivua kofia yake ya kazi, akaiweka mapajani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ile anayotumia na vibarua wake:

"Mimi nikikuta uzi mmoja tu umekatika kwenye kamba ya lifti, nasimamisha lifti. Jengo zima linapanda ngazi, wananitukana, sijali. Wewe umeona kamba imekwisha, ukaweka saini. Na mimi ndiye niliye ndani, baba."

"Niliona aibu, mwanangu."

"Aibu ya nini?"

"Ulicheka nepi."

Uso wake ulibadilika. Sikuwa na haki ya kumtupia hilo, najua. Alisimama, akavaa kofia yake ya kazi, na bila kuaga akatoka. Nilisikia viatu vyake kwenye korido, vikasimama, nikadhani anarudi. Vikaendelea.

Aprili 27

Nimerudishwa nyumbani kwenye kiti cha magurudumu. Miguu inasogea vidole, basi. Kitanda changu kimehamishiwa dirishani, naona kipimamvua.

Mistari ya tarehe 15 hadi leo nimeiacha wazi yote.

Aprili 29

9.1. Amesoma binti yangu. Aliingia na silinda, akaishika usawa wa jicho langu, si lake. "Soma mwenyewe," akasema. "Mimi siku hizi siamini ninayoandikiwa." Halafu akacheka kidogo, nami nikathubutu kucheka.

Mei 2

5.0. Mwanangu hajaja.

Mei 5

Isiyopimika. Hajaja. Simu haipokei.

Mei 8

17.3. Nimemtuma Wingu aende kazini kwa mwanangu. Amerudi anahema. "Nimeambiwa yuko juu. Mimi na juu tunajuana wapi? Nimekaa chini saa nzima, nimempa mlinzi ujumbe." Nikauliza ujumbe gani. "Nimesema baba yake ni mjinga, ila si mjinga wa kudumu."

Mei 11

Amekuja. Saa tatu kamili, anajua nitakuwa macho. Hakuamkia. Alivuta stuli, akatoa kwenye mfuko wa ovaroli kijitabu kipya cha kliniki, jalada bado linang'aa, akaniwekea mapajani.

"Soma."

Nilivaa miwani. Akanifungulia ukurasa, akakishika yeye.

"8.4," nikasema.

"Nimesoma hivyohivyo. Nilidhani pengine nimekosea."

"Hujakosea."

"Wamesema haitakiwi kuvuka nne. Wanataka kunitoa vipande vya tezi wakavipime." Alitazama nje, kwenye faneli ya shaba. "Baba, naogopa."

Miaka hamsini na mmoja sijawahi kumsikia akitamka neno hilo. Nilimwambia, "Hata mimi." Tukakaa hivyo, waoga wawili, hadi dada yake alipoleta chai. Aliionja akasema, "Bado nyepesi." Dada yake akampiga bega na kitambaa.

Mei 12

0.0.

Mei 16

1.2. Leo wamemtoa vipande kumi na viwili. Siwezi kula.

Mei 24

Majibu. Vipande vitatu vina saratani. Picha zake zote safi, mifupa safi. Daktari yuleyule mwenye miwani amemwambia bado iko ndani ya tezi. Kwenda uani kila mara, kumbe huenda hakukutokana nayo, ni tezi kukua tu na umri. Bila hofu yangu ya siku ile ya chumvi, asingepima. Na bila uongo wangu angepima miaka minane mapema. Naviandika vyote viwili, sitaki kuchagua kimoja.

Atapasuliwa Juni 6.

Mei 30

0.4. Nimedhoofika. Maumivu yamepanda hadi begani. Mwanangu alipita jioni, akafunga mlango.

"Nikuulize kitu cha wanaume."

"Uliza."

"Hizo nepi zinabana?"

"Za dukani zinabana na zinapiga kelele ukitembea, kama mtu aliyeficha gazeti. Za dada yako hazibani."

"Itakaa muda gani?"

"Wewe bado kijana, miezi. Fanya mazoezi ya kubana, wakikuruhusu tu. Mimi niliona haya hata kufanya peke yangu chumbani." Nikamwambia na mengine, ya kitandani, ambayo baba hamwambii mwanawe. Alisikiliza kichwa chini. Alipoondoka aliamkia, shikamoo yake ya kuingia ameitoa akitoka.

Barazani cherehani ilikuwa inakwenda. Nimeomba kuona. Pamba laini, tabaka nne, kipimo cha mtu mnene kuliko mimi.

Juni 6

Wamemwingiza saa mbili. Binti yangu yuko kule. Wingu amekaa nami, amekuja na karata, hakuna aliyezigusa. Saa tatu akaenda mwenyewe kwenye kipimamvua, na fimbo yake, akarudi na silinda. "Haina kitu. Nimeitikisa."

Saa nne. Saa tano. Niliona kila kitu kinachoweza kuharibika, na vingine ambavyo haviwezi. Saa sita kasoro, Wingu akasema, "Pumua, maana ukifa sasa nitawaambia nini?"

Simu ikalia saa saba na robo. Binti yangu alikuwa analia, na kwa muda ambao sijui urefu wake sikujua analilia nini.

"Ametoka, baba. Kaamka. Kauliza kama umesoma mvua."

Damu yake itapimwa baada ya wiki sita. Mimi sina wiki sita. Daktari hakusema, ila sindano ya maumivu sasa ni mara nne kwa siku, na hiyo nayo ni namba.

Juni 9

Binti yangu amenisaidia kukaa. Ameleta silinda, nikaishika mwenyewe kwa mikono miwili, nikaiinamisha, nikapitisha kidole ndani ya mdomo wake. Kavu. Hata faneli, amesema, ina vumbi. Msimu umekwisha.

0.0. Hii nimeiona.

Wanangu, namba ya wiki sita ikija, chini ya 0.1 au vyovyote itakavyokuwa, iandikeni kama mashine ilivyosema. Na kesho saa tatu nikishindwa kusoma, msinisaidie kukisia. Acheni nafasi wazi.

Juni 10